Pacha wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Ambilikile Kasyupa aliingia wodini na mto wake kutoka nyumbani. Mito ya Taasisi ilikuwa imeagizwa na yeye mwenyewe alipokuwa Waziri wa Afya, na alijua ilivyo.

Dk. Tupokigwe Mwasaga alimpokea mlangoni. Hakumwamkia. "Kitanda chako ni kile cha dirishani," alisema, akaendelea kusoma vipimo vyake kwenye skrini ya ukutani.

"Siku hizi madaktari hawaamkii wazee?" Mheshimiwa aliuliza. Sauti ilikwaruza. Uvimbe ulikuwa umeshaubana umio wake kiasi kwamba hata mate aliyameza kwa kujipanga.

"Wanaamkia," Tupokigwe alijibu. "Wakipenda."

Muuguzi aliyekuwa nyuma yao alijishughulisha ghafla na kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Asubuhi hiyo hiyo Tupokigwe alimlaza Mheshimiwa ubavu, akamteremshia kooni mpira mwembamba wenye kamera, akakata vinofu vitatu vya uvimbe. Aliifanya kazi vizuri, maana kazi mbaya ilikuwa ni ya kina Kasyupa. Vinofu vilikwenda maabara ya chini. Baada ya siku chache, ndani ya kikombe cha kioo kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa, pacha wa Mheshimiwa alikuwa ameota: donge la saratani yake, limezungukwa na vipande vya ini na utumbo vilivyooteshwa kutokana na damu yake mwenyewe. Pacha alilishwa, alisafishwa, na alikunywa dawa kabla ya mwenyewe.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kidonge kilichofunga mlango ambao chembe ya saratani huutumia kupokea amri ya kukua. Chembe za saratani zina ujanja: ukizifungia mlango wa mbele, zinapita uani. Dawa ya pili, ya dripu, iliziba njia ya uani. Kila moja ilishajulikana peke yake. Pamoja hazikuwa zimewahi kuingia mwilini mwa mtu hadi mwaka ule, pale Mbeya, na hakuna aliyejua mwili unaweza kubeba kiasi gani. Ndiyo maana walipanda kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na kipimo kikubwa zaidi cha dawa. Watu watatu kwenye kila ngazi. Wote watatu wakimaliza mzunguko wa wiki tatu bila kudhurika vibaya, ngazi ya juu inafunguliwa. Ngazi ya kwanza ilikuwa imepita. Kwenye ya pili wawili walikuwa wameshamaliza mzunguko wao. Mheshimiwa alikuwa wa tatu.

Pacha wake alipewa dawa Jumanne. Ijumaa Tupokigwe alishuka maabara kumtazama. Donge lilikuwa limekua.

Alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Ini la pacha lilikuwa zima, maana yake dawa isingemuua mzee. Ingemtoa vidonda vya mdomo, ingemharisha, ingemmalizia nguvu chache alizobaki nazo, halafu saratani ingeendelea na safari yake bila hata kugeuka nyuma. Kwa jaribio, huo ulikuwa mwili mzuri kabisa: ungevumilia na kuhesabiwa. Kwa mwenye mwili, hapakuwa na faida yoyote.

Na mwenye mwili hakupaswa kuambiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa Sheria ya Ukimya wa Pacha. Matokeo ya pacha hufungwa kwa mgonjwa hadi awamu nzima ya majaribio iishe. Wagonjwa wa saratani ya umio iliyosambaa hawasubiri awamu ziishe. Sheria ilitiwa saini na Ambilikile Kasyupa miaka kumi na moja iliyopita, akitabasamu mbele ya kamera, kwa kalamu aliyoondoka nayo.

*

"Pacha wangu amesema nini?" Mheshimiwa aliuliza Jumamosi. Hakuinua macho kwenye simu yake.

"Sheria hairuhusu nikuambie."

"Sheria niliisaini mimi."

"Nakumbuka. Nilikuwa mwanafunzi. Tulilazimishwa kuja kupiga makofi."

Sasa aliinua macho. Alikuwa amekonda, ngozi ya shingo ikining'inia kwenye kola ya pajama ya hariri, lakini macho yalikuwa yale yale ya kwenye mabango. "Binti, unajua mimi ni nani?"

"Mgonjwa wa tatu, ngazi ya pili. Uji wako unakuja saa nne."

Alitoka akijisikia vizuri, na alijua kwamba hakupaswa kujisikia vizuri kiasi kile. Miaka tisa iliyopita baba yake, fundi mitambo wa kiwanda cha chai, alilala kwenye wodi hii hii wiki kadhaa akinywa dawa nyingine. Dada wa baba alipofariki Rungwe, baba alikataa kwenda kuzika. Alisema asije akaharibu matibabu. Tupokigwe alipoajiriwa hapa alifungua kumbukumbu za maabara, akakuta pacha wa baba alikuwa ameshindwa tangu wiki ya kwanza. Kila daktari aliyempita pale kitandani akimwambia "endelea kujikaza, mzee" alikuwa anajua.

Kwa hiyo, sasa, kazi yake ilikuwa rahisi mno. Anyamaze tu. Sheria ilikuwa upande huo, na kisasi kilikuwa upande huo huo, kimekaa bila haraka.

Na Sekela pia alikuwa upande huo.

Sekela Mwaipopo alikuwa refa wa ligi ya mkoa, mwanamke wa miaka thelathini na nne mwenye mapaja ya mkimbiaji na koo lisilopitisha tena hata uji mzito. Alikuwa anasubiri ngazi ya tatu. Pacha wake hakutikisika kwa kipimo cha ngazi ya pili. Kwa cha tatu alisinyaa hadi mtaalamu wa maabara akadhani kikombe kimemwagika. Ngazi ya tatu ingefunguliwa wiki tatu baada ya Mheshimiwa kuanza dawa. Mheshimiwa akiondoka, angetafutwa mtu mwingine, aoteshewe pacha, aanze upya. Sekela hakuwa na muda huo. Tupokigwe alijua hilo kila alipompima uzito.

Upande wa pili wa mizani palikuwa na jambo moja tu, kwamba Kasyupa ni mtu, na hata hilo Tupokigwe alikuwa hajalikubali sawasawa.

*

Jumapili mchana Mkurugenzi alimwita ofisini. Profesa Mtweve alikuwa mtu wa kutabasamu kwa kazi. Alitabasamu akikuajiri, alitabasamu akikukatalia likizo.

"Tupo, mwanangu. Sisi hapa ni familia."

Tupokigwe alikaa. Neno familia, likitoka mdomoni mwa Profesa, lilikuwa na maana kwamba kuna mtu anakaribia kuagizwa kufanya jambo la aibu.

"Mheshimiwa amenipigia. Anataka kujua habari za pacha wake kabla hajaanza dawa kesho. Mwambie. Kimya kimya, wawili tu."

"Sheria je?"

"Sheria ipo."

"Mzee Lugano ameniuliza habari za pacha wake kila wiki kwa miezi miwili. Nilikuja hapa, ukanisomea kifungu kwa sauti."

"Lugano ni Lugano," alisema Profesa, bila ubaya wowote, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya stendi. "Usijifanye huielewi nchi hii."

Tupokigwe alimtazama. Aliwahi kumheshimu mtu huyu. Alijaribu kukumbuka ilikuwa kwa sababu gani.

"Nimeelewa, Profesa. Nitasema."

"Ndiyo mwanangu."

Akiwa kwenye korido ndipo alipoona wepesi wa jambo lenyewe. Ameagizwa aseme, lakini nani angejua amesema nini? Angeweza kwenda dirishani, akavuta pazia, akasema: pacha wako amepungua nusu, Mheshimiwa, hongera. Mzee angeanza dawa kesho kwa furaha. Ngazi ingekamilika. Sekela angeishi. Na Kasyupa angekufa ameamini uongo wa daktari, kifo kile kile alichowagawia wengine. Aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo, *amepungua nusu*, akayaona yanakaa vizuri mdomoni.

"Daktari, samahani."

Alikuwa Mzee Lugano, mkulima wa viazi kutoka Isangati, amevaa koti juu ya nguo za wodi. Alikuwa na haya ya mtu anayeomba kitu kikubwa.

"Mjukuu wangu anabatizwa Jumapili ijayo. Nilikuwa nawaza, lakini nimeona niache. Nitakosa dripu ya Jumatatu. Sitaki nije nikaharibu dawa."

Tupokigwe aliligeukia koti lile. Kisha alimshika mzee mkono, akamrudisha hadi kitandani, akavuta pazia, akakaa.

"Mzee wangu, dawa hii haikusaidii. Pacha wako hakuitikia. Uvimbe haukupungua hata kidogo."

Mzee Lugano alimtazama mdomo, sio macho. "Mlijua lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza," alirudia. Hakupaza sauti. Alitazama mikono yake, ambayo dawa ilikuwa imeibambua ngozi viganjani. "Nimekaa hapa msimu mzima wa kuvuna. Unaniita mzee wangu kila asubuhi, na unajua?"

"Ndiyo."

"Toka basi nivae."

Alitoka. Alikwenda kitanda kilichofuata, kisha kilichofuata. Bi. Atupele, ambaye pacha wake alikuwa amepungua robo, alilia na kumbusu mkono, jambo lililomuumiza kuliko maneno ya Lugano. Sekela alimsikiliza akiwa amekunja mikono, kama anavyosikiliza mchezaji anayelalamika.

"Kwa hiyo kwa ngazi ya tatu ninapona?" aliuliza kwa sauti iliyobaki, nyembamba kama ya mtu anayenong'ona msikitini.

"Sijui kama utapona. Pacha alisinyaa sana. Ndicho ninachokijua."

"Inafunguliwa lini?"

"Mtu wa mwisho wa ngazi ya pili akimaliza."

Sekela aligeuza shingo kuelekea dirishani, ambako miguu ya Mheshimiwa ilionekana chini ya pazia, ndani ya ndala za ngozi.

"Yule?" alisema. "Basi mimi nimekwisha."

*

Mheshimiwa alikuwa amesikia mapazia yakivutwa moja baada ya jingine. Tupokigwe alipofika, alikuwa ameketi wima, mto wake mgongoni.

"Umeanzia mlangoni," alisema. "Mimi nimekuwa wa mwisho."

"Ndiyo."

"Sema."

"Hakuna kitu. Donge limekua. Dawa itakuchosha na haitakupa chochote."

Nje, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya jikoni. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imetulia.

"Umefurahi?"

"Kidogo."

Mheshimiwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda. Tupokigwe alimshikia beseni. Alifanya hivyo kwa mikono isiyo na upole wala ukatili.

"Baba yangu alilala hapa," Tupokigwe alisema mzee alipomaliza kutema. "Hata dada yake hakwenda kumzika. Alikaa kungoja dawa ambayo pacha wake alishaikataa. Kwa ajili ya saini yako."

"Na kabla ya saini yangu?" Mheshimiwa alijifuta mdomo. "Unajua ilikuwaje? Watu waliambiwa, wakakimbia. Mwaka mmoja majaribio manne yalivunjika. Wenye kampuni wakafunga mizigo. Hiyo dawa unayotaka kumpa yule refa isingefika nchi hii. Niliambiwa nichague. Nilichagua."

"Ulichagua kwa niaba ya wengine."

"Waziri anachagua kwa niaba ya nani mwingine?"

Tupokigwe alimchukia zaidi kwa hilo. Ni kweli kwamba majaribio yalivunjika. Ni kweli pia kwamba mtu huyu, zamu yake ilipofika, alinyanyua simu kabla ya chakula cha mchana.

"Umesema watu wakiambiwa wanakimbia," alimwambia. "Gari lako liko nje. Dereva amelala."

Alisubiri mzee ainuke, aombe viatu, aite watu. Alikuwa ameshaiandaa sura ya kumtazama nayo akipita mlangoni. Mheshimiwa hakuinuka. Alikuwa anaangalia ukungu.

"Nyumbani kuna mlinzi na televisheni," alisema hatimaye. "Watoto wako Toronto. Wanapiga Jumapili. Leo ni Jumapili." Alitazama simu iliyokuwa mapajani, akaigeuza kioo chini. "Hapa angalau nyinyi mnanichukia mkiwa karibu. Anza dawa kesho."

"Unaelewa kwamba haitakusaidia?"

"Mimi si mjinga, ni mwanasiasa. Na usiende kumwambia yule mwanamke ni kwa ajili yake. Si kwa ajili yake. Anachezesha vibaya, nilishamwona akinyima timu yetu penalti."

Kama ni kweli haikuwa kwa ajili ya Sekela, Tupokigwe hakupata kujua kamwe.

*

Hakugeuka mtu mwema. Kwa wiki tatu aliwatesa wauguzi kwa kengele, alilalamikia uji, alimwita mfagiaji "wewe" hadi mwisho. Vidonda vilimjaa mdomoni kama ilivyotarajiwa. Dripu ilipoingia alifumba macho na kusaga meno, na siku mbili alikataa kuongea na yeyote. Siku ya tatu alibishana na Sekela, kwa kuandikiana kwenye simu, juu ya ile penalti. Sekela hakukubali. Tupokigwe alimpima damu kila asubuhi, akamwambia kila namba ilivyokuwa, nzuri na mbaya. Hakumwamkia.

Mzunguko ulikamilika. Ngazi ya tatu ilifunguliwa, na Sekela akawa wa kwanza kupanda. Katika watatu waliopanda, mmoja hakupata nafuu yoyote, mmoja alipata kidogo, na Sekela, siku moja mchana, aliomba ugali, akakaa na tonge moja mdomoni kwa muda mrefu akiogopa kulimeza, kisha akalimeza. Likapita. Alikula matonge manne, akalala akiwa ameshika sahani.

Mheshimiwa alifariki wiki mbili baadaye, kitanda cha dirishani, mkono wake mmoja umeshikwa na muuguzi ambaye alikuwa hampendi.

Profesa Mtweve alikuwa ameshalimaliza jambo la yale mapazia. "Tumelimaliza kifamilia," alimwambia Tupokigwe. Kwa maelezo yake, hapakuwa na mgonjwa aliyeambiwa chochote. Lugano aliondoka kwa hiari yake. Kibarua cha Tupokigwe kilikuwa salama ilimradi awe na adabu. Tupokigwe aliondoka ofisini akijidharau kwa kuwa hakusema kitu. Nyumba yake ilikuwa ya Taasisi, na mama yake alikuwa akiishi humo.

Mazishi yalikuwa ya kiserikali. Mahema meupe, viti vyenye vitambaa, wabunge waliokuja na miwani myeusi siku isiyo na jua. Watoto wa Toronto walikuwa mbele, wakipiga chafya kwa baridi ya Mbeya. Profesa alipewa nafasi ya kuzungumza kwa niaba ya wataalamu. Alitabasamu kwa huzuni, jambo ambalo ni yeye tu aliweza.

"Ndugu waombolezaji, mzee wetu hakuomba upendeleo. Aliingia kwenye jaribio kama raia yeyote. Hakuuliza, hakuambiwa. Alikunywa dawa kwa imani, chini ya sheria aliyoiasisi mwenyewe, hadi pumzi ya mwisho. Ametuonyesha kwamba mgonjwa hahitaji kujua. Anahitaji kuamini." Wabunge waliitikia kwa vichwa. "Wiki ijayo muswada unapelekwa bungeni, ukimya huu uhusu majaribio yote, ya magonjwa yote, na sheria ibebe jina lake."

Watu walipiga makofi, yale ya msibani, ya viganja laini.

Tupokigwe alikuwa nyuma, miongoni mwa wauguzi. Alijiambia akae. Hakuwa na deni lolote kwa yule aliyekuwa ndani ya jeneza. Kama lilikuwepo, lilikuwa la kumwacha azikwe na uongo aliostahili. Kisha akajikuta amesimama, anapita katikati ya viti. Mshereheshaji alidhani anatoka kwa ndugu, akampa kipaza sauti.

"Naitwa Tupokigwe Mwasaga. Nilikuwa daktari wake."

Profesa aliacha kutabasamu.

"Si kweli kwamba hakuuliza. Aliuliza, tena aliomba upendeleo, na aliyekubali kumpa ni huyu aliyetoka kusema. Nami nilimjibu. Niliwajibu wagonjwa wote wa wodi ile siku hiyo hiyo. Mheshimiwa alijua dawa haitamsaidia hata kidogo. Gari lilikuwa mlangoni. Akabaki, akainywa." Mtu alikuwa anamvuta kiwiko, alijinasua. "Sikumpenda mtu huyu na sasa hivi simpendi. Lakini jambo moja jema alilolifanya alilifanya akiwa anajua. Msimnyang'anye."

Binti wa marehemu, kwenye safu ya mbele, aligeuka kumtazama. Kipaza sauti kilizimwa. Kwaya ilianzishwa haraka, kwa sauti ya juu mno.

Leseni yake ilisimamishwa kabla wiki haijaisha. Walimpa siku chache kuhama nyumba. Muswada uliondolewa kwenye ratiba ya Bunge "kwa maandalizi zaidi", na waliouondoa hawakutaja sababu. Lakini wodini mambo yalikuwa yameshabadilika. Asubuhi ya pili baada ya mazishi, wagonjwa wote wa ngazi ya tatu, na wa ya nne iliyokuwa imeshafunguliwa, wenye nguvu wakiwashika wasio na nguvu, walikwenda mlangoni kwa Profesa Mtweve wakaomba kuonyeshwa pacha wao.

Profesa aliwatabasamia. Aliwaambia sheria hairuhusu.

Hakuna aliyerudi kitandani.